Jamaa wa Benguet: kaka yake kauza gari la mboga amchinjie nguruwe baba aliyekufa miaka 9 iliyopita. Tuwaelewe vipi?

#1 DobiWaDoha

Salaam wakuu.

Nina miaka minne kwenye dobi la hoteli moja hapa Doha. Zamu ya usiku niko na Mfilipino mmoja mpole sana, kazi yake kupiga pasi mashuka. Waliokaa Ghuba wanajua Wafilipino wanaitana "kabayan", yaani mtu wa kwetu, na sisi Waafrika tumeidaka, tunawaita hivyo hivyo. Siku ya kwanza namuuliza anatoka wapi, ananijibu "Kabayan". Nikamwambia najua wewe ni kabayan, nauliza kwenu wapi. "Kabayan." Tulizungushana mpaka akatoa simu anionyeshe ramani. Kumbe kuna mahali panaitwa hivyo, milimani kabisa, mkoa wa Benguet, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Kabila lake ni Ibaloi.

Kwao ni wakulima. Mpunga uko bondeni kwenye matuta, upande wa mto Agno. Kabichi, karoti na viazi viko huko juu kwenye ubaridi.

Kisa chenyewe sasa. Kaka yake mkubwa alianza kumuota baba yao, marehemu wa miaka 9. Baba hasemi kitu. Amekaa chini, amejikunyata, maji yanamchuruzika. Ndoto ilipojirudia mara ya tatu kaka akaenda kwa wazee. Kaburi likafunguliwa. Kweli wakakuta maji yameingia na blanketi alilozikiwa limeoza. Mifupa ikatolewa, ikafutwa, ikafungwa kwenye blanketi jipya, ikakaa na watu nyumbani sherehe ikiendelea, kisha ikarudishwa. Nguruwe saba. Kijiji kizima kilikula. Kugharamia hayo kaka aliuza kigari alichokuwa akipelekea mboga sokoni, na mwenzangu akanikopa riyali 600. Nilimpa, amerudisha hadi dirhamu ya mwisho, sina kinyongo.

Ila tangu siku ile najiuliza. Mtu anauza chombo cha riziki ampe marehemu blanketi. Ni imani, ni sifa, ni woga, au kuna hesabu mimi siioni? Wenye kujua mniambie.

#2 Kisiki Kibichi

Hesabu gani hapo. Ushirikina huo. Ndiyo maana wako Doha wanapiga pasi.

#3 DobiWaDoha

Na mimi niko Doha napiga pasi, mkuu, na kwetu hatufukui mtu.

#4 MamaKaroti

Kisiki, harusi ya mdogo wako tulichangishwa humu humu. Ukumbi, keki ya ngazi sita, matarumbeta kutoka mjini. Mkopo ule umeisha kulipwa?

#5 Kisiki Kibichi

Ile ilikuwa ya watu walio hai.

#6 MamaKaroti

Na ndoa yenyewe iko hai?

#7 AliyesomaBaguio

Niliposoma kichwa cha uzi nimecheka. Nimekaa Baguio, mji wa huko huko Benguet, miaka mitano, na mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa Kiibaloi. Hizo nyama nimezila kuliko nilivyoomba.

Mleta uzi, kuna kitu kimekuchanganya kidogo, si kosa lako. Watu wa nje wanaita kila sherehe "kanyaw". Wenyewe wanatofautisha. Kuna peshit, hiyo ni ya tajiri aliye hai. Anaita watu, idadi ya nguruwe inapanda awamu kwa awamu, siku zote namba witiri, na kila akipanda daraja ndivyo jina lake linavyopanda. Ya mwenzako si peshit. Ile ni kumhudumia marehemu aliyelalamika. Hapo sifa si hoja kubwa. Wanaamini asiposikilizwa atakayeumia ni aliye hai: mtoto ataugua, ng'ombe atakufa, shamba litagoma.

Anayeongoza ni mzee wanamwita mambunong. Anaomba kwa kuwataja waliotangulia kwa majina, mmoja mmoja, na akisahau jina watu wanamkumbusha kwa chini chini. Nguruwe akipasuliwa, anatazama nyongo. Ikiwa imejaa na imekaa mahali pake, salama. Ikiwa imenywea au imejificha, aletwe mwingine. Hapo ndipo bajeti za watu zinapokufa. Nimemwona mwenye nyumba wangu, mama mzima mwenye maduka mawili, ameshika shavu anatazama ini la nguruwe kama anasubiri matokeo ya kidato cha nne.

Nyama inachemshwa kwenye masufuria makubwa kwa chumvi tu. Usitafute bizari. Unapewa pande, wali na magimbi au viazi vitamu. Na ukiondoka unapewa watwat, yaani fungu lako la nyama la kwenda nalo nyumbani. Ukimruka mtu kwenye watwat umemtukana yeye na ukoo wake.

#8 Kisiki Kibichi

"Nyongo ikikataa aletwe mwingine." Mganga anakula mara mbili. Kesi nimefunga.

#9 AliyesomaBaguio

Mambunong niliyemjua mimi alikuja kwa miguu na akarudi kwa miguu na pande la nyama mkononi. Kama ile ni biashara basi hana akili ya biashara.

#10 BwanaShambaMstaafu

Vijana, shikamooni hamtoi siku hizi, haya.

Mwaka 1994 nilipelekwa kozi ya mpunga Los Baños, kwenye ile taasisi ya kimataifa, IRRI. Siku za mapumziko wakatupandisha Benguet. Kuna barabara inaitwa Halsema, imepewa jina la Mmarekani aliyekuwa meya wa Baguio. Inapita mgongoni mwa mlima, kushoto korongo, kulia korongo, basi linapiga kona huku dereva anaongea na abiria wa nyuma. Pale Atok, mita 2,255, tukashuka. Ndiyo sehemu ya juu kabisa ya barabara katika Ufilipino nzima.

Nilichokiona pale sijakisahau. Mlima umelimwa kabichi mpaka kwenye ukingo ambao mbuzi angesita. Alfajiri, bado giza, mkulima yuko shambani na mpira wa maji anamwagilia. Nikauliza, mbona mvua ilinyesha juzi? Kumbe Januari na Februari umande unaganda juu ya majani, wanauita andap. Jua likipiga kabla haujayeyuka jani linaungua kama limemwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo anauosha. Bomba lile lilikuwa linatoa moshi kwenye mikono yake kwa baridi, na mzee hana hata soksi. Mimi mtu wa Uporoto nilimwelewa bila mkalimani.

Sasa hoja yangu. Mboga ni kamari. Wengi wanachukua mbegu na mbolea kwa mfanyabiashara kwa mkopo, mavuno yakitoka deni linakatwa kwanza. Leo kabichi ina bei, wiki ijayo haina. Mtu wa namna hiyo akiba yake haiwezi kuwa pesa, pesa inavuja. Akiba yake ni watu waliokula kwake. Nyama haikai, na huwezi kumaliza nguruwe peke yako. Ukiwalisha wote leo, mwaka shamba lako likiporomoka unakula kwao. Hiyo ni bima, Kisiki, ila haina wakala.

#11 AliyesomaBaguio

Shikamoo mzee. Rekebisho dogo kwa heshima: sehemu ya juu zaidi sasa ni Tinoc, mkoa wa Ifugao, mita 2,428. Bodi ya Atok bado ipo na watu bado wanapiga nayo picha.

Tena wakulima wengi wa Halsema, huko Buguias na Mankayan, ni Wakankanaey, si Waibaloi. Ni jirani, mila zinafanana, lugha tofauti. Waibaloi ni kusini: Kabayan, Bokod, Itogon, Tuba, Tublay, Sablan, La Trinidad na Baguio yenyewe. Ukitaka kuwatambua sikiliza "sh". Wao wanasema peshit, jirani anasema pedit.

#12 BwanaShambaMstaafu

Mwaka 1994 ilikuwa ya juu kuliko zote. Picha ninayo.

#13 MtuWaKinangop

Wasee, mnasema kabichi, huku tunaita kabeji, lakini machozi ni yale yale. Hao watu wa Benguet wanauza wapi? Ama broka anakuja hadi shambani kama huku?

#14 AliyesomaBaguio

Soko kubwa liko La Trinidad, chini kidogo ya Baguio. Magari yanashuka usiku, vijana wa kubeba wanakimbia na magunia begani, bei inatajwa hapo hapo na asubuhi mzigo uko njiani kwenda Manila. Ikizidi, inamwagwa. Januari 2024 picha za kabichi zilizotupwa Ifugao zilizunguka mitandaoni nchi nzima. Karoti nazo zina kilio chake: karoti za magendo kutoka China, kubwa, zimenyooka, zimeoshwa, bei ya chini. Mkulima wa Benguet akiziona anazitambua kwa mbali, anasema hizo hazina udongo hata kwenye shingo.

#15 MtuWaKinangop

Hiyo ya karoti iliyooshwa imeniuma kwa niaba yao.

#16 UstadhPwani

Nguruwe simo, mnajua. Lakini nasikia hao watu wana kuku anayepigwa fimbo mpaka afe ndipo apikwe. Kweli?

#17 AliyesomaBaguio

Kweli, Ustadh. Pinikpikan. Kuku anapigwa taratibu kwa kijiti kwenye mbawa na shingo akiwa hai, damu inabaki chini ya ngozi, kisha manyoya yanaunguzwa motoni, anachemshwa na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Wanaiita kinuday au kiniing, inaning'inia juu ya jiko wiki nzima na zaidi. Mchuzi unakuwa mzito, una harufu ya kuni. Sheria ya 1998 ya ustawi wa wanyama imeacha mlango kwa mila na dini, ndiyo maana hawakamatwi.

#18 UstadhPwani

Kibudu kwa makusudi. Astaghfirullah. Endeleeni na uzi, mimi nasoma tu.

#19 MamaKaroti

Ustadh "anasoma tu" tangu 2016.

#20 BahariYaKomoro

Mimi sishangai kabisa. Mke wangu ni wa Antananarivo. Kwao kuna famadihana: kaburi linafunguliwa, wazee wanatolewa, wanafungwa sanda mpya ya hariri, watu wanacheza nao mabegani na bendi inapiga. Kimalagasi na lugha za Ufilipino ni ukoo mmoja. Saba kwao ni fito, Waibaloi wanasema pito. Basi jibu liko hapo: ni mila ya mababu wa pamoja iliyovuka bahari kwa ngalawa.

#21 BwanaShambaMstaafu

Ukoo wa lugha ni kweli. Mila kufanana peke yake haithibitishi. Ufilipino ina mamia ya vikundi vyenye "pito" yao na wengi wao hawafukui mtu.

#22 BahariYaKomoro

Walioacha wameacha kwa sababu ya Wahispania. Wa milimani hawakutawaliwa, wakabaki nayo. Hapo je?

#23 AliyesomaBaguio

Kuna ukweli. Wahispania walipanda milima kufuata dhahabu wakarudishwa mara nyingi, hawakuwahi kuishika vizuri kama tambarare. Mapadri wa Kibelgiji waliweka mizizi Benguet kuanzia 1907, zama za Wamarekani. Leo wengi ni Wakristo, na asubuhi ya msiba padri anasali, jioni mambunong anaanza yake. Mwenye nyumba wangu alikuwa mwimbaji wa kwaya. Nilipomuuliza haoni vinagongana, akaniuliza kwani baba yangu na Mungu wangu hawafahamiani?

Na hapo Kabayan ndipo kuna maiti za mapangoni. Zamani mkubwa akifa alikalishwa kwenye kiti, moto mdogo unawashwa chini, moshi unamkausha kidogo kidogo, wiki hadi miezi. Inasemekana alinyweshwa maji ya chumvi nyingi kabla roho haijatoka. Kisha akakunjwa magoti kifuani, ndani ya jeneza la gogo la msonobari, akapelekwa pangoni. Wengine wana tattoo mwilini na bado zinaonekana. Mapango ya Timbac ni maarufu zaidi.

#24 Kisiki Kibichi

Sasa hapo nimevutiwa. Wanaonyeshwa watalii?

#25 AliyesomaBaguio

Baadhi, kwa utaratibu na mwongozaji. Uchungu wao ni wizi. Apo Annu wa Buguias, mmoja wa hao wa mapangoni, aliibwa mwanzoni mwa karne ya 20, akazungushwa kwenye maonyesho, akaishia makumbusho ya taifa, akarudishwa nyumbani 1999. Wazee walikuwa wakisema ukame, njaa, hata tetemeko la Julai 1990 ni kwa sababu babu hayupo. Alipopokelewa wakachinja kama mtu aliyetoka safari.

(Najua Buguias ni kwa Wakankanaey zaidi, nimejirekebisha mwenyewe kabla mzee hajaja.)

#26 BwanaShambaMstaafu

Nilikuwa tayari nimeshavaa miwani.

#27 Mchokonozi

Nyote mnaipamba. Someni historia ya baknang. Hao ndio matajiri wa Kiibaloi, walishika dhahabu ya Itogon na baadaye ng'ombe na mashamba ya mpunga. Maskini akiota baba yake na hana nguruwe, anakwenda kwa nani? Kwa baknang. Anakopa mnyama, anaweka shamba rehani au analipa kwa kazi, yeye na watoto. Ndoto ya maskini ilikuwa mtaji wa tajiri. Hata mablanketi ya kuzikia yana vyeo, tajiri ana lake na maskini ana lake, mpaka kaburini mtu anajulikana tabaka. Bima gani hiyo, mzee?

#28 BwanaShambaMstaafu

Sijasema bima ya haki. Bima zote mwenye kampuni anakula.

#29 MamaKaroti

Mchokonozi, lakini huyo huyo baknang asipochinja peshit heshima inaporomoka. Ng'ombe wake na nguruwe wake wanarudi matumboni mwa wale wale. Bila hiyo angekuwa analundika tu. Wa kwetu huku wanalundika na hatuonjeshwi hata utumbo.

#30 Mchokonozi

Nyama ya siku tatu kwa shamba la maisha. Biashara nzuri kwa nani?

#31 MamaKaroti

Sawa, lakini hujanijibu.

#32 WakiliWaUsiku

Mmetaja baknang nikaamka. Mmoja wao ni Mateo Cariño, na kila mwanasheria wa ardhi za wenyeji anamjua. Alikuwa na hekta 146 Baguio, ardhi ya babu zake: wamezungushia uzio, wamelisha ng'ombe, wamelima. Serikali ya Wamarekani ikasema hana hati kutoka Hispania, basi ni ya serikali. Akaenda mahakamani, akashindwa, akakata rufaa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 23 Februari 1909 Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba ardhi iliyoshikwa na mtu kama mali yake tangu zama ambazo kumbukumbu haifiki, ihesabiwe kwamba haikuwahi kuwa ya umma. Mateo mwenyewe alishafariki 1908.

Kutoka hapo ndiyo ikazaliwa sheria ya 1997 ya haki za wenyeji Ufilipino. Ilipopingwa mahakamani mwaka 2000 majaji waligawanyika 7 kwa 7, ikapona kwa sare. Kichekesho cha kulia: kifungu cha 78 kinasema Baguio itabaki chini ya hati yake ya mji. Yaani mji uleule uliozaa kesi ukawekwa pembeni.

#33 AliyesomaBaguio

Ndiyo maana kila 23 Februari ni siku ya Waibaloi pale Baguio. Nimehudhuria mara mbili. Wanacheza tayaw: mwanamume blanketi mabegani, mwanamke nyuma yake, mikono imenyooshwa, miguu inagusa chini kidogo kidogo kama mtu anayepima joto la maji. Ngoma mbili, solibao na kimbal, gongo mbili za shaba, pinsak na kalsa, na vyuma viwili vya kugonganisha. Katikati mzee anapaza sauti, vyombo vinanyamaza, anawatakia wachezaji baraka, umati unaitikia kwa sauti ndefu, vinaanza tena. Mwaka wa pili nikasukumwa katikati. Nimecheza kama naruka vyura. Wamama walicheka hadi wakakaa chini.

#34 Kisiki Kibichi

Tuwekee video.

#35 AliyesomaBaguio

Simu iliibwa. Nashukuru.

#36 FundiGridi

Mimi mtu wa umeme. Kwenye masomo yetu bwawa la Ambuklao, mto Agno, 1956, linatajwa kama moja ya mabwawa makubwa ya mwanzo Asia baada ya vita. Binga likafuata 1960. Hakuna aliyetuambia chini ya yale maji kuna nini. Ndiyo nimesoma baadaye: mashamba ya mpunga ya Waibaloi wa Bokod, nyumba, makaburi. Watu wakahamishwa, wengine kwenda tambarare wasikoweza hata hali ya hewa. Bwawa lenyewe likajaa tope, tetemeko la 1990 likaongeza, mwaka 1999 likazimwa, likafufuliwa 2011.

Nasema hivi kwa sababu ya swali la #1. Mtu ambaye jirani zake makaburi yao yamekwenda na maji, akiota baba yake amelowa, atauza hata nyumba.

#37 Mchokonozi

Hii imenigusa, lakini Kabayan iko juu kuliko bwawa. Kaburi la huyo baba lililowa kwa mvua.

#38 FundiGridi

Najua. Nimesema jirani zake.

#39 DaktariWaMifugo_Dodoma

Nguruwe saba kwa bei ya sasa? Wadau, homa ya nguruwe ya Afrika iliyotikisa Ufilipino tangu 2019 ni yetu. Kwa mara ya kwanza ilielezwa kitaalamu Kenya, 1921. Imezunguka dunia ikafika kwao, haina tiba, wakachinjiwa zizi zima, bei ya nguruwe ikapanda mpaka mwaka 2021 serikali ikaweka ukomo Manila. Huyo kaka aliuza gari kwa sababu ya kirusi cha ngiri wa kwetu. Tumchangie.

#40 MtuWaKinangop

Kila kitu lazima lawama zirudi Kenya.

#41 MamaKaroti

Naomba kuuliza jambo ambalo wanaume wote humu mmeliruka. Huyo mpiga pasi ana mama? Ana dada? Nani alikaa macho siku tatu kupika magimbi, na nani aliombwa pesa kutoka Ghuba? Nina shoga yangu Dubai, chumba kimoja na Mfilipina wa milimani huko huko, kila mwezi anatuma: ada, mbolea, na "kwa ajili ya nguruwe". Gari la kaka tumelijadili kurasa tatu.

#42 DobiWaDoha

Nimerudi, samahani, zamu mbili mfululizo.

MamaKaroti umenishika. Nimemuuliza. Dada yake yuko Hong Kong, mfanyakazi wa nyumbani, na nguruwe wanne kati ya saba ni pesa yake. Mimi nilisikia habari za gari tu kwa sababu kaka ndiye aliyelalamika.

Maswali yenu nimemfikishia yote wakati tunakunja mashuka. Kuhusu baknang amesema babu yake kweli alipoteza tuta moja la mpunga kwa deni la ng'ombe wa msiba, na familia iliyolichukua bado wanasalimiana nayo. Kuhusu bima amecheka, akasema kwenye msiba wa mama yake kulikuwa na daftari, kila aliyeleta pesa ameandikwa, na daftari lipo kabatini mpaka leo. Kuhusu Madagaska hajawahi kuisikia. Kuhusu woga alinyamaza kidogo, akasema kaka yake sasa analala.

#43 Kisiki Kibichi

Na gari?

#44 DobiWaDoha

Hana. Anapakia karoti kwenye gari la binamu yake. Binamu halipishi nauli hadi mavuno yajayo, maana siku ile aliondoka na mguu mzima wa nguruwe.

#45 BwanaShambaMstaafu

Wakala amepatikana.

#46 Mchokonozi

Au baknang mpya amepatikana. Subirini mavuno yajayo.

#47 DobiWaDoha

Jingine, nalo mniambie limekaaje. Leo kanionyesha picha ya daftari la hii sherehe ya baba, maana nalo lipo. Ukurasa wa tatu, katikati ya majina ya kwao, kuna jina langu limeandikwa kwa kalamu nyekundu, 600. Nikamwambia hiyo ilikuwa mkopo na umeshalipa, nifuteni. Akasema haifutwi, kwani watwat yangu ilishatoka, mama yake mdogo aliichukua kwa niaba yangu na kuikausha juu ya jiko. Bado ipo. Anauliza nakwenda lini kuichukua.

#48 UstadhPwani

Wewe si unaitwa Ramadhani?

#49 DobiWaDoha

Ndiyo, Ustadh. Ndicho ninachotafuta namna ya kumwambia.

#50 MtuWaKinangop

Mwambie akupe karoti. Na Baguio hapo, mbegu ya karoti wanatumia gani ile inayostahimili baridi ya umande ulioganda? Niko serious wadau, huku Juni ilituua.